Walivyogawana Mchezo wa Televisheni

Mpaka leo nikiona watu wamekaa mkekani kugawana vitu vya marehemu, naondoka. Mdomo wangu siuwezi, najua nitasema neno.

Mume wangu alifanya kazi migodini Kitwe, kule Zambia, na huko ndiko tulikoishi tangu aliponioa kwetu Mbalizi. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, alinunua mchezo wa televisheni kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ulikuwa boksi la kuunganisha kwenye televisheni, limetoa nyaya mbili, na kila waya una kishikio kwenye ncha. Kishikio chenyewe kilienea kiganjani, ungeweza hata kukitia mfukoni. Juu kilikuwa na kifundo cha kuzungusha, kama kile cha kutafutia stesheni kwenye redio. Ukizungusha, kijiti cheupe kinapanda na kushuka kwenye kioo, unaupiga mpira urudi kwa mwenzako. Basi, hakuna kingine. Lakini jamani, tuliucheza! Nikimfunga ananiita mwizi. Akinifunga anazunguka chumba kizima akiimba, mtu mzima na ndevu zake. Hatukujaliwa mtoto. Kicheko cha nyumba ile kilitoka kwenye vile vishikio viwili, changu na chake, na chake kilikuwa na kovu la sigara ubavuni.

Kifua kilipomzidi aliacha kazi, tukafunga vyombo, tukarudi kwao Igowole. Televisheni tuliiuza, maana huku bara hapakuwa na kituo hata kimoja. Mchezo akakataa kuuacha. Alisema televisheni itakuja tu, tutacheza uzeeni. Akatangulia yeye.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa uani. Kwa desturi yao, kila ndugu wa karibu lazima aondoke na kitu alichokishika marehemu, asibaki wa kununa. Mke hahesabiwi. Mke mwenyewe ni miongoni mwa vya kugawa. Makoti yakaenda, viatu vikaenda, redio ikaenda. Zamu ya mchezo ilipofika nikapiga magoti mbele ya baba mkwe, nikamwamkia kwa lugha yao.

"Kamwene, baba. Sitaki kingine. Naomba huo, niondoke nao mzima kama ulivyo."

"Huo una kazi gani, mwanangu?"

"Ni wa kucheza, baba. Watu wawili."

Uani pakalipuka kicheko. Shangazi wa marehemu akapiga makofi: "Haya, mjane anataka kucheza!" Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mkwe hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonimaliza. Alisema kitu hicho kina vipande vitatu, na ndugu ambao hawajapata kitu ni watatu. Akaagiza kisu.

"Baba, ukikata kimekufa! Kimoja kimoja havifanyi kazi!"

Nani angenisikiliza? Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuona televisheni ikiwaka. Kwao mbuzi anagawanyika, shamba linagawanyika, sembuse hicho. Nyaya zikakatwa mbele ya macho yangu, kwa kisu kilekile cha kumenyea viazi. Boksi akapewa shangazi, akasema atalipasua awekee ugoro. Kishikio kimoja akapewa wifi yangu. Kile chenye kovu la sigara akapewa shemeji, mdogo wake marehemu.

Wifi alikuwa amelia na mimi tangu msiba ulipoanza. Alinitilia chake mkononi, akanifumba vidole. "Chukua, wifi, na wewe uwe na kumbukumbu yake." Nilikijua palepale. Kilikuwa changu mwenyewe. Nimepewa zawadi ya kitu changu, na nikashukuru, maana yeye alikosa nini?

Nikamgeukia shemeji. Nikamwomba tubadilishane, mbele ya watu wote, machozi yananitoka.

Akatabasamu kwa upole. "Shemeji, hiki hakitoki kwenye boma hili. Lakini na wewe si hutoki? Mke wangu ameshakubali. Hamia kwangu, kitakuwa chako."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Waliona ni neno zuri, la kumstiri mjane. Hakuna aliyenikusudia ubaya siku ile, na hilo ndilo linalonichoma hadi kesho. Ningewachukia ningepona.

Nilikitazama kile kishikio mkononi mwake. Alikuwa anakizungusha kifundo bila kujua, polepole, kwa kidole gumba, vilevile kama mume wangu alivyofanya akiusubiri mpira. Walizaliwa tumbo moja, mikono ni ileile. Mungu anisamehe, nusura niseme ndiyo.

"Kaa nacho, shemeji," nikamwambia, nikaingia ndani kufunga nguo zangu.