Asali ya Marthe Mbele ya Mwanga Mwekundu

Tangu atoke Fizi akiwa hana kitu ila ujuzi wa nyuki, Marthe hakuwahi kuambiwa asali yake ina sukari ya dukani. Pale Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi, wanamwita Mama Nyuki, naye huitika kama aliyebatizwa hivyo. Basi Muhire, mwenye duka Mbarara, aliposema atanunua asali yake mwaka mzima ila ipimwe kwanza, Marthe alicheka.

"Pima, baba. Leta na kipimo cha homa."

Muhire akamwita mpangaji wake, Anatole, mwalimu wa fizikia. Mwalimu akafunga madirisha ya duka, akawasha kitochi cha leza. Doa jekundu likatua ukutani. Njiani akasimamisha vipande viwili vya plastiki nyeusi ya kuchuja mwanga, na katikati yake glasi ya maji.

"Ukipita plastiki ya kwanza, mama, mwanga unatetemeka upande mmoja tu. Kwa maji matupu, hii ya pili ikisimama wima, doa linazimika. Maji yakiwa matamu, mwanga unazungushwa. Sukari ya dukani inaupeleka kuume, asali safi kushoto. Nami naufuata na plastiki hii mpaka doa lizimike."

"Kumbe mwanga nao una kuume na kushoto, kama mutu."

Kwao Marthe, aletaye kitu cha kunywa hukionja kwanza, mwenyeji aone hakina sumu. Lakini kupimwa kulikuwa kumemchoma. Akasukuma chupa kwa mkono mmoja, bila kuonja.

Mwalimu akaichanganya na maji, akazungusha plastiki ya pili. Doa likazimika kuume.

"Sukari," Muhire akasema. "Mama, hapana kasirika. Watu ya kambi tunawajua."

Biashara ya mwaka mzima ilikuwa inatoka mlangoni, na jina lake likiifuata. Marthe akaichukua ile chupa, akaonja. Akafumba macho. Halafu akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani.

"Hii ni chakula ya banyuki yangu! Kiangazi minabapikia sukari, basikufe na njaa. Chupa moja na ya asali, rangi moja, na miye na kiburi yangu sikuonja."

Akatoa chupa nyingine kikapuni. Safari hii alionja kwanza, akaitoa kwa mikono miwili. Doa likazimika kushoto, taratibu, kama mtu anayeinama kusalimia.

Muhire akanyoosha mkono. Marthe akamwekea kijiko cha asali kiganjani.

"Meza nayo ile neno yako ya watu ya kambi."

Muhire akameza, akaomba cha pili. Jumanne iliyofuata, pikipiki yake ilifika Base Camp kuchukua asali kabla soko halijafunguliwa.