Ndege Aliyekuja kwa Basi

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako kwanza. Anayesoma huku anatafuna, ateme. Nataka kuwaambia habari za ndege niliyembandikia maji jikoni. Mkitaka kunicheka, nicheke kwanza mimi, maana maji yalikuwa yangu.

Mzee wangu ni fundi cherehani. Hapa mtaani kwetu Soweto ukiuliza anayeshona sare za shule utaonyeshwa baraza letu na mashine yake nyeusi, aliyoinunua kabla mama zenu hawajazaliwa. Mwaka juzi kiharusi kilimpitia. Hakikumwangusha, kilimgusa tu kama mtu anavyokugusa bega akipita, lakini kilipoondoka kiliondoka na mkono wa kulia. Mguu ulirudi. Mdomo ulirudi, tena ulirudi na maneno ya ziada. Mkono ndio ukabaki kutetemeka, hauwezi kushika sindano wala kijiko cha mchuzi. Akawa anakaa barazani karibu na mashine yake, kaifunika kitambaa, na watu wakija na nguo anawaambia mashine mbovu. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Mimi mkewe nilijua kinachosemwa mbovu ni nini.

Hospitali kulikuwa na binti mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo kwa umbo lakini mkali. Alitupa maagizo mawili. La kwanza, babu apewe kazi ya vidole, ndogondogo, kila siku, vinginevyo mkono utasahau kazi yake. La pili alilitoa akininyooshea kidole mimi, umri wa bibi yake: "Na wewe, bibi, usimsaidie."

Nikamjibu nimesikia. Kusikia nilisikia.

Kazi ya vidole nikampa: achambue mchele. Akaniuliza, "Umeniajiri jikoni?"

"Mkono ukirudi utajiajiri mwenyewe."

Alichambua siku mbili. Siku ya tatu akatupa mchele akatuletea mawe, tena kwenye ungo, kwa adabu zote. Nikaona huyu hatapona kwa mchele.

Nikampigia binti yetu anayeishi Iringa, pale Mlandege, karibu na nilikozaliwa mimi. Akasema niachie mimi, mama. Wiki ya pili akapiga, na mtandao siku hiyo ulikuwa unaruka kama chura. Akanisalimia kwa lugha ya kwetu:

"Kamwene, mama! Nimewatumia ndege kwa basi la asubuhi. Ndege ya baba, kwa ajili ya mkono wake."

"Ndege?"

"Eeh, mkubwa tu. Msi... boksi... mpaka baba..."

Simu ikakatika.

Sasa nyie mliosoma mtasema kwamba mtoto angesema ndege hii au ndege huyu, ningejua. Sisi huku hatugawanyi. Kama ana mabawa na mkia ni ndege. Kama anakunywa maji au anakunywa mafuta, hilo utaliona akifika.

Mimi nikajua ni kanga. Mgonjwa wa viungo anataka supu, na supu ya kanga ina nguvu kuliko ya kuku. Nikamwagiza mkamwana wangu, mke wa mwanangu tunayeishi naye, akaazime tenga kwa jirani, arudi abandike maji, atwange tangawizi. Mzee akauliza maji ya nini mengi hivyo.

"Ya ndege yako."

Akatabasamu. Siku nyingi sikuwa nimeliona tabasamu lile.

Mchana kondakta akapiga. "Bibi, mzigo wako tumeshapita nao Igawa."

"Anaendeleaje?"

"Nani?"

"Ndege."

"Yupo vizuri, bibi."

"Mpe maji."

"Sawa, bibi."

Nikaenda stendi na tenga langu. Basi likaingia, kondakta akanikabidhi boksi refu, limezungushiwa selotepu pande zote, halina hata tundu moja la kupumulia. Nikalitikisa. Ndani kukasikika kachakacha, mifupa mitupu.

"Mmemla!" nikasema.

"Nani, bibi?"

"Ndege wangu! Mmemla njiani mkarudisha mifupa kwenye boksi!"

Watu wakakusanyika. Mama mmoja muuza ndizi, hata hajui kesi ni ya nini, akaingilia: "Hawa makondakta wa siku hizi, bibi, hata beberu wanamaliza."

Yule kijana aliligeuza boksi upande wa pili. Kulikuwa na picha: ndege ya abiria, ile ya angani, nyeupe, ina mstari wa bluu ubavuni na madirisha madogo yamejipanga kama vifungo. Stendi nzima ilicheka, wapiga debe wakaacha kuita abiria. Nilijitwika boksi langu, tenga mkononi, nikaenda zangu bila kuaga mtu.

Nyumbani mzee alilitazama boksi, akatazama sufuria inayochemka. "Kwa hiyo leo tunakula nini?"

Tulikula mboga za majani na kushushia chai yenye tangawizi ya kuua farasi.

Ndani ya boksi hamkuwa na ndege. Mlikuwa na vipande vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti vyake kama maharage kwenye mti, vingine vidogo kuliko punje ya ulezi. Kulikuwa na gundi, vikopo vya rangi, brashi nyembamba, na kitabu cha picha kisicho na maneno. Nilitaka virudi Iringa kwa basi lile lile. Lakini mzee akashika vipande viwili virefu, ubavu mmoja na ubavu wa pili wa ndege, akavikutanisha hewani kwa ule mkono wa kushoto na huu wa kutetemeka.

"Hii ni suruali," akasema. "Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, unaunga katikati. Sogeza meza."

Akaanza kazi, na akaifanya kwa sheria za cherehani. Fundi wa kweli hashoni moja kwa moja. Kwanza anapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza nguo, ili aitazame imekaaje, kisha anashona, halafu bandi inang'olewa. Basi na ndege yule alipigiwa bandi. (Naendelea kumwita yule. Msinisahihishe.) Kila kipande alikibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, akakizungushia uzi mweupe, akakitazama, akakifungua, akakifunga tena, ndipo apake gundi. Jambo la dakika moja kwa mtu mzima lilimchukua asubuhi nzima. Kipande kinamponyoka, anakiokota. Kinamponyoka, anakiokota. Mimi nilikaa pembeni nimekalia mikono yangu, sisemi mfano, niliikalia kweli mpaka ikafa ganzi.

Siku moja gurudumu lilidondoka barazani, kabla hajainama kuku wangu mwekundu akalidonoa na kulimeza.

"Ndege kala ndege," mkamwana akasema.

Nikafuata kisu. Mzee akanizuia, akavuta debe lake la vifungo, akachagua kifungo cheusi cha shati, akakigundisha mahali pa gurudumu. Kimekaa sawasawa. Wageni wengi hawajagundua mpaka leo.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana siwezi kuandika ya kuku tu nikaacha yangu.

Zilibaki injini mbili, zile zinazoning'inia chini ya mabawa. Zilimshinda siku tatu. Kila akikaribia kuziweka, mkono unaruka kando. Siku ya nne akaenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Nikapita na fagio. Injini zile hapo, gundi ile hapo. Nikajisemea, hiki kitu cha dakika moja kinamtesa mume wangu wa miaka yote hii. Nikaweka fagio chini. Nikapaka, nikabana, nikafuta. Hata kitabu sikufungua.

Mzee alirudi, akakaa, akamchukua ndege wake. Akapitisha kidole gumba pale kwenye kiungo taratibu, kama anavyopapasa mshono wa fundi mwingine.

"Nani kashona hapa?"

Mkamwana akakumbuka kwamba ana kitu jikoni.

"Hapa hakukupigwa bandi," akasema. "Hapana alama ya uzi."

"Nimekusaidia tu, mzee. Zilikuwa zinakuchosha."

Aliniangalia. Nimeishi na mtu huyu tukiwa na njaa, tukiwa na msiba, na sikuwahi kuangaliwa hivyo. "Mama," akasema, "mkono wangu ukifa nitakuita uje tuuzike pamoja. Usiuzike ukiwa unapumua."

Akavua kile kitambaa kwenye mashine, akamfunika ndege. Halafu akatafuta kingine akaifunika mashine tena. Nikaona vitambaa viwili, nikaenda kuokota fagio langu.

Siku tatu alizungumza nami kwa kupitia mkamwana, na wote tumekaa meza moja.

"Mwambie mama yako chumvi imezidi."

"Mwambie baba yako ale hivyo hivyo."

Kazi ya vidole ikasimama. Mkono alikuwa anaubeba mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Nikamkumbuka yule binti wa hospitali na kidole chake.

Mimi si mtu wa samahani. Neno hilo kwangu ni zito, nikilinyanyua linanirudia mguuni. Siku ya nne asubuhi nikafunua ndege, na hapo nikafungua kitabu cha picha. Jamani! Injini nilizigundisha mdomo ukiangalia nyuma. Ndege yule angepaa angerudi Mlandege kinyumenyume. Nikachukua koleo na wembe, nikang'oa. Moja ilitoka salama. Ya pili ilitoka na kipande cha bawa.

Nikampelekea vyote kwenye sinia barazani, kama mtu anapeleka chai.

"Ndege amevunjika," nikasema.

"Nani kamvunja?" Aliniuliza mimi mwenyewe, siyo mkamwana.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili amshone mwenye ndege."

Akatazama sinia. Akaokota injini, akaigeuza, akaelewa mdomo wake nilikuwa nimeuweka wapi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani kiharusi kimerudi, nikapiga kelele, mkamwana akaja mbio na mwiko. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakafika kwenye ndevu.

"Niletee uzi," akasema. "Na uondoke hapa."

Bawa lile alilitia kiraka. Kwa siku nne, kwa uzi na vibanio, lakini alilitia mwenyewe.

Ikaja zamu ya rangi, na hapo nilikuwa na la kusema. Mimi tangu nikiwa binti nimepaka nyumba za mama yangu udongo mweupe. Najua tabaka la kwanza ni jembamba, liache ukuta unywe, usirudie likiwa bichi. Nikasimama mikono nyuma nikawa naelekeza. Jembamba. Subiri. Usirudie.

"Mdomo nao ni mkono," mzee akasema. Nikaenda jikoni.

Weupe ulikubali. Kilichobaki ni mstari wa bluu, kutoka puani mpaka mkiani. Nilimwambia abandike selotepu juu na chini ili mstari usitoke. Akakataa, akachora kwa chaki yake ya kukatia nguo, akachovya brashi, akaanza. Mstari ukapanda, ukashuka, ukaingia kona, ukatoka.

"Huu ni Kitonga," nikasema. Nyote mnaujua ule mlima wa njia ya Iringa na kona zake.

"Abiria watatapika," akajibu, wala hakufuta.

Kesho yake akapaka ubavu wa pili. Nilikuja kuutazama nikiwa nimejiandaa kwa utani. Mstari ulikuwa umelala kama barabara ile ya tambarare kule Igawa, una tuta moja tu karibu na mkia. Nikamgeuza ndege upande huu, nikamgeuza upande ule. Kitonga, Igawa. Kitonga, Igawa. Mzee alikuwa anaosha brashi, anajifanya hanioni.

Ndege akaning'inizwa juu ya mashine kwa uzi mweupe. Siku chache baadaye jirani yetu, yule yule wa tenga, akaja na sketi ya shule ya bintiye, pindo limefumuka. Nikafungua mdomo kumwambia mashine mbovu, kwa mazoea.

"Lete," mzee akasema.

Akavuta kitambaa. Akatoa sindano ya mkono, akakata uzi kwa meno, akaulowesha kwa ulimi. Akaunyoosha. Ukapita kando. Akaulowesha tena. Ukapita kando. Jirani alikuwa anatazama, mkamwana katokeza kichwa mlangoni, na mkono wangu wa kulia, shetani huyo, ukaanza kunyanyuka wenyewe. Nikaukamata kwa wa kushoto nikauzamisha chini ya khanga. Ukapita kando tena. Sikumbuki ni mara ngapi. Nakumbuka tu kwamba mara uzi ulikuwa huku, na mara ncha yake ikatokea ng'ambo ya tundu, inatikisika.

Akauvuta.

"Mnatazama nini?" akatuuliza. "Hamna kazi?"

Pindo lile lilikuwa Kitonga tupu. Jirani aliikunja sketi kwa heshima zote akashukuru, "Ndaga fijo, fundi." Mtoto aliivaa shuleni.

Jioni ile, wote wakiwa mezani wameshanawa mikono, nikagonga sufuria kwa mwiko. Nikawaambia: kuanzia leo katika nyumba hii mtu asimtilie babu uzi kwenye sindano, hata kama atakaa nao mpaka jua lizame, na atakayeona mkono wangu unaelekea huko, aupige kwa mwiko huu.