Chumba cha Ghorofa ya Nne

Mama Pacha, mshonaji wa sare za shule, alikuwa ameingoja likizo hii ya mjini tangu wanawe wazaliwe. Mhudumu wa hoteli akawafungulia yeye, mumewe na pacha wao chumba cha ghorofa ya nne.

"Hapa mtaona jiji zima," alisema, akavuta pazia.

Pacha mmoja akachomoka hadi kwenye roshani, akapenyeza kichwa kati ya vyuma. Bega nalo likafuata. Mama hakupiga kelele, asije akamshtua. Alinyata, roho mkononi, akamdaka kiunoni.

"Mama, magari madogo!"

Mama akaketi sakafuni, bado amemshika.

"Baba Pacha, beba mabegi. Tunalala ghorofa ya chini."

"Chini dirisha linatazama ukuta," mhudumu akasema.

"Ukuta ndio ninaoutaka."

Mumewe alishafika mlangoni.