Kile Pampu Zilichokula

Sipendi kabisa mtu akiniambia kwamba chuma hakisemi uongo. Chuma husema alichoandika aliyekitengeneza, na huyo aliyekitengeneza hakuwahi kufika kwetu Birongo.

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa mke mpya mwenye cheti cha kidato cha nne. Kwetu Kisii wakati huo, msichana mwenye cheti kama hicho alitazamwa kama ndama mwenye vichwa viwili. Kazi niliyoipata ilikuwa kutunza samaki. Ndiyo, samaki, usicheke. Karibu na soko kulikuwa na kituo kidogo cha kufundishia wakulima, na ndani yake nyumba ya mabati yenye matangi sita ya kioo. Humo tulilea vifaranga vya ngege kabla ya kuwagawia watu waliochimba vidimbwi kule mabondeni. Watu wetu walijua chai na ndizi. Samaki walimjua yule mkavu tu, aliyeletwa sokoni na akina mama wa ziwani. Nikipita njiani wanawake walinitania, "Umeshawanyonyesha wanao leo?" Nami niliwajibu kwamba wangu angalau hawalii.

Mkubwa wangu alikuwa mtu wa upande wa ziwa, na sisi sote tulimwita Bwana Samaki, kama alivyoitwa kila afisa wa uvuvi. Ndiye aliyeleta zile pampu mbili. Zilivuta maji pamoja na hewa kupitia mrija mwembamba, zikavipiga pamoja mpaka povu likapanda ndani ya bomba, likabeba uchafu wa samaki na kuumwaga kwenye kikombe. Kila asubuhi nilikimwaga kikombe hicho. Kilinuka, jamani.

Umeme wa pampu ulitoka kwenye mashine ndogo ya dizeli iliyokaa chumba cha pili, ukuta mmoja na samaki wangu. Na fundi wa mashine hiyo alikuwa baba mkwe wangu.

Hapo lazima nieleze. Sisi Wakisii tuna chinsoni, yaani haya na heshima kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mkwe na mkwe. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawabanani mlangoni, wala hawakai wawili katika chumba kidogo. Wakikutana njiani, mmoja hupisha na macho hutazama kwingine. Sasa fikiria watu wawili wa namna hiyo wakitumikia mashine moja! Tulitafuta njia yetu. Akitaka kuizima ili ipumue, aligonga ukuta mara mbili. Nami nikagonga mara moja, maana yake nimesikia. Miaka miwili ya kwanza tulifanya kazi hivyo, na sidhani kama tuliwahi kukosana.

Alikuwa mtu wa kutegemewa. Hakusoma, lakini tarakimu alizijua zote, na zile zilizopigwa kwenye chuma alizishika kama amri za kanisani. Kibao cha mashine kilisema wati mia tano. Kibao cha kila pampu kilisema mia mbili. Mbili na mbili ni nne, inabaki mia moja ya kupumulia. Kwingine alikofanya kazi zamani aliwahi kumsikiliza mtu aliyemwambia aongeze taa moja tu, mashine ikaungua mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo alikuwa haongezi kitu.

Bwana Samaki ndiye aliyeanza kushangaa kwamba dizeli inachelewa kwisha. Alileta kisanduku chenye sindano cha kupimia umeme, akanifundisha kukiunganisha. Nikapima. Pampu ilisoma mia moja na ishirini. Nikarudia, nikapima ya pili, ikawa ileile. Nikaziba mrija wa hewa kwa kidole ili pampu ivute maji matupu, na sindano ikapanda kuelekea mia mbili. Nikakiondoa kidole, ikashuka. Mimi ni mwanamke, nilielewa mara moja: kusonga ugali wa wimbi si sawa na kukoroga uji. Kibao kilikuwa kimeandikiwa ugali, na pampu zetu siku zote zilikoroga uji.

Niliandika 120 kwa chaki kwenye ubao wa shule tulioutundika ukutani kwa nje, mahali ambapo sote wawili tuliweza kusoma bila kukutana. Kesho yake nilikuta imefutwa. Bwana Samaki alinieleza jibu la mzee: chaki hufutika, chuma hakifutiki. Nilikasirika, nikanyamaza. Ilikuwa ya nini kubishana? Samaki walikuwa wazima.

Kisha mtoto wangu akazaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa na miezi saba.

Uchungu ulinishika alfajiri nikiwa nyumbani, na mama mkwe akanipeleka kwenye zahanati iliyopakana na kituo chetu, ua mmoja tu katikati. Mume wangu alikuwa Kericho, kwenye mashamba ya chai. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo kiasi cha kutosha kwenye ungo wa kupepetea wimbi. Muuguzi alikuwa na sanduku la mbao alilotengenezewa na seremala, lenye nafasi ya balbu nne za wati arobaini, lakini umeme hakuwa nao. Alimzungushia mtoto chupa za maji ya moto. Zilipoa, akazibadilisha, zikapoa tena. Mwezi huo mvua ilikuwa kila siku. Alinishika bega akaniambia waziwazi, "Huyu anahitaji joto lisilokatika. Mashine yenu ile pale. Ombeni waya."

Mimi na mama mkwe hatukuweza kwenda. Mimi ndiyo kwanza nimejifungua, na mzazi mbichi hajipeleki mbele ya baba mkwe. Mama mkwe hakutaka kuondoka karibu nami. Akamtuma mfagiaji wa zahanati. Mfagiaji alirudi na jibu: mzee anasema mia nne na mia na sitini ni mia tano sitini, mashine itaungua, na ikiungua wote watakosa.

Nililia. Halafu nikaanza kumchukia. Moyoni nilisema, huyu mzee anajua mjukuu wake yuko kwenye baridi, naye anahesabu vibao! Bwana Samaki alikuwa amekwenda ziwani kuchukua vifaranga wengine, hakukuwa na wa kunisemea. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili mfagiaji akatumwa tena, akarudi na mia tano sitini ileile. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo liliniogopesha kuliko kilio.

Siku ya tatu, asubuhi, nilijifunga leso mbili nikatoka. Mama mkwe alinishika mkono. "Mwanangu, unakwenda wapi hivyo?" Nikamwambia ninakwenda kwa samaki wangu. Nilichukua kile kisanduku, nikazunguka nyumba, nikaingia chumba cha mashine.

Mzee alikuwa ameinama akifuta mafuta. Aliona leso mlangoni, hakungoja kuona zaidi. Aligeuka palepale akauelekea ukuta, mikono nyuma. Chumba chenyewe kilikuwa cha hatua tatu. Yeye ukutani, mimi mlangoni, na mashine ikinguruma katikati yetu.

"Tata," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita baba, "nimekuja kupima."

Kisha akasema, akiuambia ukuta, "Anayesema na aseme polepole."

Nikasema. Nilisema kwamba pampu zinakula mia moja na ishirini kila moja, si mia mbili, kwa sababu zinavuta hewa pamoja na maji. Kwamba mbili ni mia mbili na arobaini. Ukiongeza balbu nne unapata mia nne, na mia moja ya kupumulia inabaki palepale. Nikaunganisha kisanduku, nikakisukuma sakafuni mpaka karibu na visigino vyake, nikarudi mlangoni. Aliinama bila kugeuka, akaitazama sindano. Aliitazama kwa muda mrefu. Maziwa yalikuwa yananitiririka chini ya leso nami nimesimama nikimweleza mkwe wangu habari za mrija wa hewa.

"Wakati wa kuwaka pampu hula zaidi," alisema.

"Ndiyo. Ziwashwe kwanza. Zikitulia ndipo balbu."

"Sawa. Atoke."

Waya aliupitisha yeye mwenyewe juu ya ua, kwenye mvua, na kabla ya saa sita balbu nne zilikuwa zikiwaka. Mashine haikukohoa hata kidogo. Sanduku likapata joto, mtoto akawa mwekundu, akanyonya matone kutoka kwenye kijiko. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka muuguzi akaniambia nipumzike.

Alikufa siku ya tano. Muuguzi hakunificha kitu: baridi ya zile siku mbili za mwanzo ilikuwa imeshaingia kifuani.

Nilirudi kwa samaki baada ya kuzika. Nikakuta kibao cha kila pampu kimepigwa patasi: 200 imekatwa mstari, na chini yake imechimbwa 120. Nilizitazama tarakimu hizo nikasema, umechelewa, mzee. Tuliendelea kugongeana ukuta, mbili kwa moja, lakini mimi niligonga kwa hasira. Watoto wengine walizaliwa na wakakua. Chuki yangu haikuondoka. Niliipikia, niliilisha, nikiivisha heshima mbele za watu.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini mzee akaugua, akawa wa kitandani. Siku moja mchana mama mkwe alikuja jikoni kwangu, akaketi, akaanza kunisaidia kuchambua maharagwe.

"Kuna neno limemsumbua mzee," alisema. "Ameniuliza, siku ile mke wa mwanetu alipokuja na kisanduku, kwa nini alisema habari za wati? Kwa nini hakusema ni mtoto?"

Nikamwambia kwamba alijua ni mtoto.

"Hakujua." Alitazama maharagwe. "Nilimkataza mfagiaji. Mtoto asiyetimiza miezi, kwa mama yangu, hatangazwi kwa wanaume mpaka kitovu kianguke. Niliogopa kuita mauti. Yeye aliambiwa wewe una homa, na kwamba zahanati inataka taa, basi. Na wewe ulipoingia hakukutazama tumbo, angekutazamaje? Mficha maradhi, mwanangu, kilio humfichua. Alijua aliposikia tunalia." Akajifuta macho kwa kiganja. "Anasema, angeniambia ni mtoto, ningezima pampu zote mbili siku ile ya kwanza. Wale samaki wangekufa tu."

Nilikaa. Miaka yote nilijisifu moyoni kwamba niliivunja chinsoni kwa ajili ya mwanangu. Niliivunja mlangoni tu. Ulimi wangu uliishika mpaka mwisho, ukapima, ukajumlisha, ukaeleza, na neno moja lile halikutoka.

Chumba alicholala sikuruhusiwa kuingia. Nilizunguka nyumba yake mpaka chini ya dirisha la kitanda, ambalo ubao wake ulikuwa umefungwa. Niliugonga mara mbili.

"Tata," nilisema, "alikuwa ni mtoto. Wa kiume."

Nilingoja. Kisha akaugonga ubao kutoka ndani, mara moja.