Ng'ombe wa Mzee Gida na Kabichi Zangu

Sikusingiziwa wala sikushawishiwa na mtu. Nilikosa mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na aliyeumia ni mzee aliyenipokea kama mtoto wake. Nakueleza wewe usiyenijua, maana wanaonijua siwezi kuwatazama usoni.

Safari iliyonifikisha kule ilikuwa ndefu. Tulitoka Makambako, mimi na mwenzangu Paskalina, juu ya lori la mbao. Iringa tukalala. Dodoma tukadandia lori la chumvi, likaharibika kabla ya Manyoni, tukashinda porini tukitafuna mahindi ya kuchoma. Singida upepo ukatupiga vumbi mpaka meno yakabadilika rangi. Halafu basi bovu la kwenda Katesh, na mlima Hanang ukajitokeza mbele yetu, peke yake, mkubwa kuliko nilivyotegemea.

"Ona pale chini," Paskalina akaniambia. "Pale ndipo kwetu. Ukifika pale hutahama tena."

Nilicheka. Ee Mungu wangu, nilicheka!

Maana maisha yangu yote ni barabara. Tangu nimalize kidato cha nne nimechimba dhahabu Kahama, nimechimba Chunya, nimepakia mizigo Mbeya, nimelinda magari Tunduma. Nikikaa mahali nakumbuka nilikotoka, nikirudi nilikotoka nakumbuka kule nilikokuwa. Miaka arobaini imenipita sina hata jiko la kwangu. Mama yake Paskalina alikuwa amefariki, akamwachia nyumba na kipande cha ardhi Gendabi, kando ya kijito kinachoshuka mlimani. Nikasema basi, nitulie.

Kiangazi kilikuwa kimeanza. Majirani walikuwa wameshavuna, mashamba makavu. Mimi nikapiga matuta kando ya kijito: kabichi, sukuma, mchicha, vitunguu kidogo. Mwezi wa kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Unaamka, unakuta miche imesimama. Unasema, hii nimeifanya mimi!

Lakini hakuna aliyeniambia kuwa bustani ya kiangazi ni kamba. Unamwagilia asubuhi kabla jua halijawa kali, unamwagilia jioni, na katikati unapalilia na kuokota viwavi. Kabichi hazijui Jumapili. Hazijui kwamba umechoka, wala kwamba una rafiki Singida unataka kumwona. Ukikosa siku moja tu, unakuta majani yamelala kama yanakununia. Na kutoka pale kwenye matuta barabara kuu inaonekana! Nilikuwa nainama na keni langu la kumwagilia huku malori yanapita kuelekea Babati, na roho yangu iko juu ya turubai.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa mfugaji. Nimwite Mzee Gida, jina lake kamili nalihifadhi. Mzee mrefu, shuka begani, fimbo, na ulimi mkali. Siku ya kwanza alisimama ukingoni mwa bustani akatazama weee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe." Aliniita mkwe kwa sababu yeye alimjua Paskalina tangu anatambaa, akimhesabu binti yake. "Haya majani ni ya nini?"

"Ya kula, mzee."

"Ya kula nani?"

"Sisi."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo umesafiri kote huko kuja kumnyang'anya ng'ombe chakula chake!"

Toka siku hiyo jina langu likawa Mkwe wa Majani. Lakini mzee yule yule ndiye aliyeniona nahangaika na udongo usio na nguvu, akaniletea ng'ombe mwenye ndama. Kule wana desturi hiyo. Mtu anakupa ng'ombe wake umtunze: maziwa unakunywa, samadi unaweka shambani, lakini ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Na akifa mikononi mwako, humlipi mtu. Unampelekea mwenyewe ngozi, unamwambia amekufaje, na neno lako linatosha. Hakuulizi mara mbili. Ndiyo maana hawampi kila mtu.

Alinipa sharti moja, mbele ya Paskalina na wanawe wawili wakubwa. "Mkwe, nasikia nyinyi watu wa mboga mnapiga dawa. Ng'ombe wangu asile kitu chenye dawa."

"Nimekusikia, mzee."

Nilimsikia vizuri kabisa!

Kila asubuhi nilikuwa nabandua majani ya chini ya kabichi, nampa yule ng'ombe kwenye hori. Alikuwa akiniona tu analia. Sikuwa napiga dawa, nilitumia majivu na mikono. Kisha viwavi wakazidi. Nikaazima bomba la mgongoni, nikachanganya dawa kwa kukisia, kali kuliko inavyotakiwa, maana niliona uvivu wa kurudia. Nikapiga jioni.

Kesho yake ilikuwa mnada Basotu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kama mfungwa. Nile nyama, nione watu, nisikie madereva wanazungumza habari za mbali! Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikapita mbio bustanini, nikabandua majani kama kawaida ya mkono wangu, nikatupa kwenye hori, nikaondoka. Sikuwaza chochote. Mkono ulifanya wenyewe.

Niliporudi alasiri nikamkuta amelala ubavu, anatokwa mate, miguu inatetemeka. Paskalina alikuwa amepiga magoti pembeni yake na jani la kabichi mkononi. Akaninusisha.

Alikufa tukimtazama. Ndama alikuwa anamsukuma chuchu.

Habari ikapanda mlimani haraka kuliko mimi. Mzee Gida akashuka na wanawe, visu tayari, maana ndivyo inavyokuwa: ng'ombe anachunwa, ngozi inakwenda kwa mwenyewe, nyama watu wanagawana. Mzee akaniwekea mkono begani.

"Pole, mkwe. Mifugo ndivyo ilivyo. Amekufaje?"

Mwanawe mmoja alikuwa ameshainama na kisu shingoni.

"Msimguse!" nikapiga kelele. "Ana kimeta! Ametoka damu puani, nimeifuta!"

Neno moja. Ningesema "dawa" wangeacha vilevile kula, na mimi ningeaibika, yakaisha. Lakini sharti lile lilikuwa masikioni mwangu, na Mzee amenishika bega. Nikachagua neno lililonisafisha mimi.

Mzee Gida alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi. Anawajua ng'ombe kuliko ninavyoijua mikono yangu. Lakini neno la mtunzaji halipingwi. Akawaambia wanawe, "Wekeni visu. Mkwe ameona." Tukachimba shimo refu, tukamfukia na ngozi yake, tukaweka miiba juu.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo nimefunga mlango kwa ndani!

Kimeta kinaua watu pia, hakuna asiyejua. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano. Ng'ombe alitoka zizi la nani? La Mzee Gida. Ndama amerudishwa wapi? Zizi la Mzee Gida. Ikaamuliwa: mifugo yake isikanyage kijitoni mpaka bwana mifugo aje. Na bwana mifugo alikuwa na kata nyingi, akawa haji.

Kiangazi kile! Kijito kilikuwa kimebaki uzi tu, na uzi huo ulipita kando ya matuta yangu. Ng'ombe wa Mzee walikuwa wanasimama juu ya kilima wananusa maji, wanalia, wanachapwa warudi. Wakawa wanapelekwa bondeni mbali, juani, wanarudi na kiu ile ile. Ndama wakaanza kufa. Yule ndama aliyemsukuma mama yake alikuwa wa kwanza. Maziwa ya mke wa Mzee hayakununuliwa na mtu. Kanisani watu walitusalimia kwa mbali, kwa kupunga mikono.

Na mimi niliendelea kumwagilia.

"Acha zikauke!" nilimwambia Paskalina. "Sitaki kuziona!"

"Ukiziacha zikauke watauliza kwa nini," akajibu. "Mwagilia."

Kwa hiyo asubuhi na jioni nilichota maji yale yale waliyonyimwa ng'ombe, nikawapa kabichi. Zikanenepa, hazijawahi kunenepa vile. Hakuna aliyenunua hata moja, maana zilitoka kwenye nyumba ya kimeta. Nami nisingeweza kuondoka. Mtu akiondoka wakati kama ule, watu wanaanza kufikiri.

Siku moja Mzee Gida akaja akasimama ukingoni. Alikuwa amekonda.

"Mkwe, leo nimekuja kukuomba. Haya majani yanaoza hapa. Nipe niwapelekee ng'ombe, hata wale wadogo."

Dawa ile ilikuwa imeshaisha nguvu, labda. Labda! Sikuwa na uhakika, na sikuweza kumweleza ninachoogopa.

"Hapana, mzee. Hizi nina mteja wake."

Kisha akacheka, lakini kidogo tu. "Haya. Nilikutania majani, sasa umekuwa mchoyo wa majani."

Akapanda kilima taratibu, anaegemea fimbo. Paskalina alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaingia ndani akafunga.

Mwishowe bwana mifugo akafika. Akachanja, akakagua, akasema haoni ugonjwa, na mzoga ulishafukiwa hawezi kujua zaidi. Ng'ombe waliobaki wakaruhusiwa maji. Nikasema sasa nitapumua.

Juma lile lile Mzee Gida akashuka na mtamba mzuri mwekundu, amemfunga kamba ya ngozi. Akaniwekea kamba mkononi.

"Wewe uliwaokoa wanangu," akasema. "Kisu kilikuwa kimeshashika shingo. Mtu mwingine angenyamaza tukala, tukafa. Chukua, umtunze."

Ananishukuru! Amepoteza ndama wake, ameshinda kiangazi kizima juani kwa uongo wangu, halafu ananishukuru! Nilishika ile kamba nikahisi imezunguka shingo yangu mimi.

Alipoondoka Paskalina akaniambia kwa sauti ya chini kabisa. "Ungemwambia siku ile ile, angepokea ngozi yake na yakaisha. Desturi yenyewe ndiyo hiyo. Sasa mimi sijui atafanya nini. Ila kesho umwambie. Ukishindwa, kesho kutwa nitamwambia mimi, maana mtamba huyu, hata akizaa, sitamkamua."

Asubuhi yake nilivaa shati safi nikabeba begi dogo. Nilisema naenda Katesh kutafuta mbegu za vitunguu. Paskalina alilitazama begi, akajua. Hakunizuia. Alisema tu, "Anakuja yule pale."

Mzee Gida alikuwa anashuka kumwona mtamba wake anaendeleaje.

"Unakwenda wapi, mkwe?"

"Katesh, mzee. Nitarudi Jumapili."

"Na hizi nani atazimwagilia?"

Nikatazama barabarani. Akacheka, akaweka fimbo chini. Mzee ambaye maisha yake yote hajawahi kushika keni, akalishika. Akachota kijitoni, akainama juu ya tuta langu, shuka linaburutika matopeni.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anakuamini na umemdanganya, usisubiri akushukuru. Mwambie angali amekasirika, mwambie angali na kisu mkononi. Akishakushukuru umekwisha. Utakimbia kama mimi, na kila mji utakaolala utamkuta huko amekutangulia. Nimezunguka nchi hii, nimekumbuka miji mingi, lakini sasa nakumbuka mahali pamoja tu, na ndipo nisipoweza kurudi.

Maana alinipa nafasi hata siku ile. Aliinua uso, ananitazama, anasubiri nimfundishe.

"Mkwe, niambie ukweli nisije nikakuharibia. Namwaga juu ya majani, au kwenye shina?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Gari lilikuwa linapiga honi barabarani.

"Kwenye shina, mzee," nikamwambia, nikaondoka.