Fimbo ya Mkono wa Kushoto

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika spana kuliko kalamu, kwa hiyo herufi zangu zinainama na maneno mengine huenda nimeyaandika kama ninavyoyasikia. Naandika polepole. Mahali nilipokosea, someni tu mbele, mtanielewa.

Nilikuwa fundi baiskeli Mlowo, kando ya barabara kuu. Nyumbani kwetu ni Ihanda, ambako mama na dada yangu mkubwa walilima mahindi na kahawa. Kila baada ya wiki mbili tatu nilikwenda Tunduma kununua spoku, cheni na mipira ya ndani. Miaka ile mitumba ilikuwa inaingia kwa wingi, na haikuwa nguo peke yake. Mzee mmoja aliyehamia kutoka Tanga aliuza viatu, na nyuma ya viatu alikuwa na pipa la vitu ambavyo hakujua amuuzie nani: miavuli iliyovunjika mbavu, vyuma vya mapazia, magongo ya wagonjwa. Humo ndimo nilimoiona fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyembamba, inang'aa, na mwisho wake una kipande cha chuma kama kisigino, kimechongwa namba.

Nilimwamkia mzee, nikamuuliza ni kitu gani.

"Ya mchezo wa matajiri," akasema. "Unapiga kimpira, unakifuata kwa miguu, unakipiga tena. Wale hawana mashamba ya kulima."

"Na namba?"

"Wewe kiatu unavaa ngapi?"

"Nane."

"Basi tafuta nane."

Nikaitafuta nane mpaka nikaipata. Nilinunua na vimpira sita vilivyokuwa ndani ya soksi, na njia nzima nilifurahi kwamba nimepata saizi yangu.

Mimi ni mtu wa aibu. Kwenye kandanda nilikuwa nasimama pembeni kwa kuogopa kuzomewa. Mchezo huu ulinifaa kwa sababu mtu anaweza kuucheza bila mwenzake. Jumapili baada ya ibada nilishuka shamba letu la bondeni, mahindi yakiwa yameshavunwa na mabua yamelazwa, nikaweka kimpira juu ya kichuguu kidogo cha udongo na kupiga. Mara nyingi nililima. Majirani waliokuwa wakipita walisema, "Leo unapanda nini, maharage?" Lakini siku nilipokipata kimpira sawasawa, sikusikia chochote mikononi. Kilisikika kidogo tu, kama kuvunja kijiti kikavu, halafu kikawa juu. Nilisimama pale na fimbo begani nikitabasamu peke yangu.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Mzee aliniwekea utaratibu: ukiichoka irudishe, ongeza kidogo, chukua nyingine; ukiipenda baki nayo, ununue nyingine. Nikaichukua tisa, nikaichukua tano. Kila moja niliisugua kwa majivu na mswaki wa zamani, na palipochakaa pa kushikia nikapazungushia mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukaza mpaka ukatulia kama ngozi. Kisha niliipiga mara sita, na pale kimpira cha mbali kilipoangukia nikachomeka gunzi la mahindi. Kwa magunzi hayo nilijifunza kwamba namba ndogo hupeleka mbali na chini, na namba kubwa hupandisha. Ndipo nikajua mimi na mzee tulikuwa tumeuziana fimbo kama viatu. Nilipomwambia alicheka hadi kofia ikamtoka. Akasema, "Basi wewe ndiye fundi wa pipa hili. Mimi nitauliza kwako."

Sijawahi kuambiwa neno kama hilo na mtu mzima, kabla wala baada ya siku ile.

Siku moja nilirudi na namba sita iliyonishinda kabisa. Kila nilivyoisimamisha uso wake wa kupigia ulitazama nyuma. Nilipiga kwa kisogo chake, vimpira vikakimbilia kwenye migomba. Nilikuwa naifunga niirudishe, dada akatokea na kuni kichwani. Alizitua, akasema, "Lete."

Dada yangu alizaliwa mtu wa kushoto. Mama alimchapa mkono kwa mwiko, mwalimu akamchapa kwa rula, mpaka akawa anakula, anaandika, anasalimia na kumnawisha mgeni kwa mkono wa kulia kama watu wote. Ila aliandika vibaya na alimwaga maji, na watu walisema ana haraka. Siku ile aliishika ile sita kinyume changu, akasimama kinyume changu, na uso wa fimbo ukatazama mbele.

Alipiga mara moja. Kimpira kilivuka gunzi la nane, kikavuka la tano, kikaingia kwenye kahawa ya jirani.

"Mdogo wangu," akasema, "hii haijaharibika."

Tangu hapo alikuja kila Jumapili. Mimi nilibadilisha fimbo, yeye hakutaka nyingine. Alikunja kitenge kiunoni, akapiga, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia jikoni. Mama alipita akasema, "Mkono huo tena." Dada akajibu, "Mama, hapa hakuna mgeni." Niliona mama naye anageuka ili tusimwone anacheka.

Sasa naandika jambo lililonifanya nianze kuandika.

Mzee alipata fimbo yenye kichwa kikubwa cha mti, cheusi, kilichopakwa vanishi. Nilikuwa nimeitamani ya namna hiyo tangu dereva mmoja wa lori aliponieleza kwa mikono jinsi inavyopeleka mbali. Mzee alisema, "Hii kwa fimbo mbili." Nilikuwa nimekwenda na zangu zote ili nichague. Nilizitazama. Nane sikuweza kuitoa, ilikuwa ya kwanza. Nikatoa tano, na nikatoa sita ya dada. Nilijiambia pipa halijai mara moja, itakuja nyingine ya kushoto. Sikujua kwamba ni chache. Lakini nilijua ni ya nani.

Jumapili dada alifika bondeni, akaangalia fimbo zilizolala juu ya gunia.

"Yangu iko wapi?"

"Nimebadilisha. Itakuja nyingine. Jaribu hii kwanza, dada, hii inakwenda mbali kuliko zote."

Aliichukua. Akasimama upande wake, fimbo ikamkataa. Akasimama upande wangu, akapiga kama anavyoandika. Kimpira kiliviringika hatua tatu. Akailaza juu ya gunia kwa mikono miwili, taratibu, kama chombo cha mtu mwingine.

"Ni nzuri," akasema. "Ngoja nikachote maji."

Hakurudi bondeni tena. Hakugomba, hakununa. Aliniwekea chakula na kuniuliza habari za kazi. Afadhali angenitukana.

Wiki ile ile nilikwenda Tunduma kuidai. Mzee alikuwa ameiuza kwa mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, pamoja na vyuma vya mapazia, akaegemezee nyanya. Jina lake hakulijua. Kuanzia hapo kila mzigo ulipofunguliwa nilikuwepo, nikigeuza kila fimbo na kutazama uso wake, na raha ya kuchagua ilikuwa imekwisha. Zote zilikuwa za kulia. Dada aliolewa Ileje, nikabeba sanduku lake hadi kwenye gari.

Ilipita miaka miwili ndipo nikaipata moja ya kushoto, namba saba. Niliisugua, nikaizungushia mpira mpya, nikapanda magari mawili hadi vilimani kwao. Dada alinipokea vizuri, mtoto yuko mgongoni. Aliichukua fimbo kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anavyopokea zawadi ya mkwe, akaisimamisha nyuma ya mlango.

Jioni nikamwambia, "Dada, hapo nyuma ya nyumba pana uwazi."

"Nguo hazijafuliwa, mdogo wangu."

Asubuhi alinisindikiza. Njiani akanikabidhi fimbo, imefungwa ndani ya khanga kuukuu.

"Rudi nayo," akasema. "Utapata ya kubadilisha."

Hakusema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfikiria mdogo wake na kitu anachokipenda. Nilitaka kumwomba msamaha pale barabarani, lakini gari lilikuwa limefika, kondakta anapiga bodi, na mimi maneno hunichelewa.

Ile saba ninayo. Sijaipiga na sijairudisha kwenye pipa. Ninyi mnaosoma, kama yuko aliyewahi kumnyang'anya mtu furaha yake halafu akaipeleka ikiwa imechelewa, aniandikie alifanya nini baadaye, na kama alisamehewa. Andikeni hata kwa kirefu. Kusoma kwangu ni kwa polepole, ila huwa namaliza.