King'ora na Mwano

Kuanzia siku ile, ilitangazwa, hakuna mkazi wa wilaya atakayekuwa mbali na msaada. Tamko lilisomwa uwanjani mbele ya viongozi wa dini, wazee maarufu na kikundi cha ngoma kilicholetwa kwa lori, na lilisomwa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza kipaza sauti kilikata. Gari jipya la zimamoto na uokoaji limepokelewa. Litafika kila kijiji, kila kitongoji na kila machimbo, iwe masika iwe kiangazi. Wananchi waondoe hofu: sasa uokoaji utafika kabla ya taharuki. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akamuuliza mwenzake huyo Taharuki ni nani, akajibiwa kwamba lazima ni mtu wa Dodoma.

Ufunguo wa gari hilo alikabidhiwa Koplo Donatus Ndaki, mtu wa makamo, mrefu, mwenye tabia ya kulizunguka gari lolote mara moja kabla ya kulipanda, hata likiwa la mwenzake. Kabla ya kuvaa sare alikuwa amebeba pamba miaka mingi kutoka vijijini hadi kwenye vinu vya Shinyanga, na hakuna daraja bovu la ukanda ule ambalo hakuwahi kulala juu yake.

Miezi ya mwanzo gari lilifanya kazi nyingi, ingawa si zile zilizotajwa uwanjani. Lilimwagia maji barabara ya vumbi kila alipokuja mgeni mwenye msafara. Lilijaza matangi ya harusi na ya kipaimara. Moto lilizima mara moja, wa ghala la pamba, na hata huo ulikuwa umekwisha kujizimia wenyewe kwa kukosa cha kuunguza. Watoto wa mjini wakampa Donatus jina la Mzee Mvua, naye akaitika, maana jina ukilikataa ndipo linapokuganda.

Aliyelifurahia jina hilo kuliko wote ni mdogo wake, Januari. Wazazi wao walikufa Januari akiwa bado anapanda mgongoni, na Donatus hakuwa na mke wala shangazi wa kumwachia mtoto. Akamchukua kwenye lori. Januari alikulia juu ya marobota ya pamba, akajifunza kuhesabu kwa vituo vya mizani, na wote waliomfahamu waliamini atakuwa dereva. Akawa mchimbaji. Alikwenda machimbo ya Subira, ng'ambo ya kijiji cha Ng'wandilo, akaingia ubia na wenzake katika duara moja. Duara ni shimo la kushukia kwenye mwamba wa dhahabu, na kwa kawaida lina pembe nne.

Kila alipokuja mjini kununua maharage na betri za tochi, Januari alipita kituoni, akaweka kiganja kwenye ubavu mwekundu wa gari kama mtu anayepapasa maksai mnadani.

"Kaka, siku nikifukiwa njoo na hili," alikuwa akisema. "Usije na bodaboda, utaniaibisha mbele ya wenzangu."

Donatus humwambia hayo si maneno ya kuchezea. Januari humjibu kwamba huko chini hakuna kinachochezewa, ndiyo maana inabidi juu kuchezwe. Alisema chini ya mwamba mtu hasikii habari yoyote ya dunia, si mvua, si jogoo, isipokuwa honi. Honi ya lori likikata kilima huwafikia, ndogo lakini safi, na wote huacha nyundo kidogo na kubishana ni gari la nani.

Jumamosi moja, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo, simu ya Donatus iliita akiwa anakagua matairi. Alikuwa Nyamizi, mke wa Januari. Hakusalimia, na Donatus alijua kabla hajasikia neno, kwa sababu Nyamizi ni mtu wa kuamkia hata kwenye ujumbe wa simu.

"Shemeji, duara limefunga. Mdogo wako yumo."

Walitoka Donatus, mkuu wa zamu Sajini Zipora, na askari wawili vijana. Gari lilikuwa na machela, kamba, mtungi wa oksijeni, sepetu na jeki kubwa za haidroli. Lilikuwa pia na winchi mbele. Kamba yake ya chuma ilikuwa imefunguliwa na kufungiwa stoo ili isiibwe, na mtunza stoo alikuwa amekwenda Ushirombo kwenye ubatizo, ufunguo mfukoni. Haikuibwa.

Donatus alifungua king'ora getini na hakukizima tena. Mji ukaisha, lami ikaisha, wakaingia barabara ya udongo ambayo haikuwa na kitu zaidi ya mbuzi, na king'ora kikaendelea kulia mabondeni. Sajini Zipora si mtu wa makelele. Alivumilia vilima viwili.

"Afande Ndaki, nani wa kutupisha huku?"

"Anisikie," alisema Donatus.

Zipora alimtazama mara moja, akafunga kioo.

Sasa yapasa kueleza mwano. Usukumani ng'ombe wakiibwa hupigwa yowe, nalo yowe lina jina lake na sheria yake. Mwano ukipigwa bonde hili hupokewa na bonde la pili, na kila mwanaume anayeusikia huacha alichoshika, akachukua upinde au rungu, akatoka. Asiyetoka hutengwa: hapewi maji, hapewi moto, na msiba wake huuzika mwenyewe. Kijiji kilicho mbele ya sauti hufunga njia kwanza, maswali baadaye. Yote hayo Donatus aliyajua kama anavyojua gia za lori. Alizaliwa mabonde mawili tu kutoka Ng'wandilo, na ujanani aliitikia mwano mbio mpaka mguu ukaota sugu ya miba.

Asichokijua ni kwamba mwaka uliopita lilipita Ng'wandilo lori lenye king'ora na taa ya buluu. Watu walisimama kando kwa heshima, wengine wakavua kofia wakidhani lina mgonjwa. Lilikuwa limebeba ng'ombe wao. Tangu siku hiyo mkutano wa kijiji uliazimia kwamba chochote kinachopita kikilia kina mwano wake, na ukakata mkuyu mkubwa ukaulaza tayari ukingoni mwa barabara.

Gari jekundu lilipokata kona ya Ng'wandilo, gogo la mkuyu lilikuwa limelala barabarani toka mtaro hadi mtaro. Donatus alikanyaga breki. Alipotazama kwenye kioo cha pembeni aliona gogo la pili, dogo kidogo, likivingirishwa nyuma yake. Kulia na kushoto kulikuwa na majaruba ya mpunga yaliyojaa maji. Akazima king'ora.

Wanaume walisimama na pinde zao. Kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, Mzee Maganga, alikuja mbele na koti la mvua lililofungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, baba," alisema Donatus.

"Marahaba. Mmebeba nini?"

"Maji."

"Maji ndiyo yanalia namna hiyo?"

Kijana mmoja alipanda juu, akafungua mfuniko wa tangi, akachungulia, akatangaza kwamba ni maji kweli. Mwingine akataka kujua na chini kuna nini, maana ng'ombe anaweza kuwa chini. Akaulizwa ng'ombe gani anayekaa chini ya maji. Akafikiri.

"Kiboko," akasema, na watu wakacheka.

Kicheko hicho Donatus hakukisahau. Hakikuwa kibaya, ni kicheko cha watu wenye nafasi.

Alieleza. Kwa bahati mbaya alieleza kwa Kiswahili cha kazini, kile kilichomkaa mdomoni tangu mafunzo: kumetokea tukio la maporomoko, kikosi kinaelekea eneo husika. Mzee Maganga alisikiliza kwa adabu. Zipora akatoa kitambulisho. Mzee akasema wale wa mwaka jana nao walikuwa nacho, tena kizuri zaidi, cha plastiki. Sheria ni moja: njia iliyofungwa na mwano haifunguliwi mpaka wote walioitika waonane, na watu wa vitongoji viwili vya mbele walikuwa bado njiani. Wageni wakae kivulini. Akaagiza waletewe viti.

Viti vililetwa.

Donatus aliviangalia viti. Akaivua kofia ngumu, akaiweka juu ya bampa, akashika mashavu kwa viganja viwili, na kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu ujana akapiga mwano. Akaupiga kwa Kisukuma cha kwao: watoto wa watu wamefukiwa Subira, wako hai, udongo uko juu yao. Huko Subira watu wametoka mikoa yote, mwano hawaujui, wao hupiga simu. Ndiyo maana kilima kizima kilikuwa hakijasikia kitu.

Mzee Maganga akafungua kifungo kimoja cha koti.

"Ungesema hivyo toka mwanzo, ng'wanawane, mwanangu, tungekuwa tumeshafika."

Wakaondoka. Hawakuondoka wachache, kwa sababu sheria ya mwano haina wachache. Wanaume wote wa Ng'wandilo walishuka majarubani, maji yakiwafika magotini, wakapita majumbani kuchukua majembe na ndoo, filimbi zikalia, bonde la pili likaitika, na mstari wao ukapanda kilima ukaishia ng'ambo. Barabara ikabaki nyeupe. Lilibaki gari, watu wanne wa gari, viti, na gogo ambalo lilikuwa limewekwa pale na wanaume ishirini.

Walilisukuma kwa mabega. Liligeuka kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini, likarudi mahali pake. Donatus akapanda, akajaribu kulisukuma kwa bampa. Magurudumu ya mbele yakateleza kuelekea mtaroni, Zipora akapiga ubavu wa gari kwa kofi kumsimamisha. Wakaitazama winchi. Hakuna aliyesema neno kuhusu Ushirombo.

"Nenda," alisema Zipora. "Mali ya Serikali nitailinda mimi. Chukua vijana."

Walibeba kamba, sepetu na machela. Mtungi na jeki vilikuwa vizito kuvuka navyo majaruba, na bado hawakujua kitakachohitajika ni kipi. Kilichohitajika kilikuwa jeki.

Walipofika Subira, watu wa Ng'wandilo walikuwa wamekwisha kupanga mstari, wachimbaji wamechanganyika na wakulima, ndoo za tope zikipanda kutoka mkono hadi mkono bila mtu kuamuru. Wawili walikuwa wametolewa wakiwa wazima, wamekaa chini ya turubai wakitetemeka, na Nyamizi alikuwa akienda kwa mmoja akirudi kwa mwingine, akiwafuta uso kana kwamba akifuta vizuri mmoja wao atageuka kuwa Januari. Alipomwona Donatus hakulia. Alitazama nyuma yake, barabarani, akitafuta gari.

Donatus alijifunga kamba ya gari lake akashuka. Januari alikuwa kwenye pembe ya chini, amefunikwa mpaka kiunoni, na gogo la kuzuilia mwamba, timba kama wanavyoliita, lilikuwa limelala juu ya mapaja yake. Tochi ilipomgusa alifumba macho.

"Nilisikia king'ora, kaka."

"Nilikipiga usikie."

"Kisha kikanyamaza. Nikawaambia wenzangu, amefika."

Donatus aliondoa tope kifuani mwake kwa viganja.

"Nimefika," alisema.

"Liko juu?"

"Liko juu."

Januari akaridhika. Akauliza kama wenzake wa Ng'ombeni, yaani wale wa duara la jirani waliokuwa wakimbishia, wameliona. Donatus akasema wameliona wote.

Timba lilikataa mikono. Juu, Mzee Maganga aliagiza wafunguliwe maksai wa kulimia waliokuwa jirani, mnyororo wa jembe ukashushwa, na maksai wakaitwa kwa majina, polepole, hatua kwa hatua. Timba likanyanyuka. Jeraha lililokuwa limezibwa na mti likafunguka, na damu iliyokuwa ikingoja ikatoka. Donatus alivua mkanda wa sare akaukaza juu ya paja, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka Januari akamtukana tusi la utotoni.

Walimlaza kwenye machela, machela wakaiweka juu ya mkokoteni, na maksai wale wale wakafungwa. Kwenye gari kulikuwa na oksijeni, mablanketi, sanduku la huduma ya kwanza na redio ya kuita ambulansi. Kilichotakiwa ni kuvuka kilima. Nyamizi alikaa nyuma amekumbatia kichwa cha mumewe. Donatus alitembea ubavuni, mkono wake juu ya mkanda. Kupanda kilima Januari aliomba maji. Kwenye kilele alisema anasikia baridi. Kushuka, Nyamizi alikuwa akimuuliza vitu vya kawaida, bati la jikoni litazibwa lini, mtoto ataanza shule gani, naye akawa anajibu, kisha akawa anajibu kwa kichwa. Majarubani Nyamizi aliuliza jambo moja mara tatu.

Mkokoteni ulilizunguka gogo kwa kupita kwenye maji, bila shida, maana maksai wale maji wameyazoea. Sajini Zipora alikuwa amesimama mlango wa gari ukiwa wazi, blanketi limetandikwa, mtungi umefunguliwa tayari. Alipanda kwenye mkokoteni, akaweka vidole viwili shingoni mwa Januari, akaviacha hapo muda mrefu kuliko inavyofundishwa. Kisha akashuka akaufunga mtungi.

Gogo la Ng'wandilo liliondolewa Jumatatu. Jumapili wanaume wa kulinyanyua walikuwa wanachimba kaburi.